Maswali Tisa, Hesabu Mbili: Jinsi Sonona Inavyopimwa Minnesota

Mgonjwa anayekwenda kwa daktari wa kawaida huko Crystal, mji mdogo pembezoni mwa Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani, huenda akapewa karatasi yenye maswali tisa hata kama alichofuata ni dawa ya kikohozi. Dodoso hilo huitwa PHQ-9, na uhakiki wake ulichapishwa na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams mwaka 2001. Linauliza hali ya mtu kwa wiki mbili zilizopita: huzuni, usingizi, uchovu, hata mawazo ya kifo. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3.

Maswali yenyewe hayana utata. Utata uko katika hesabu.

Njia inayotumika zaidi ni kujumlisha. Jumla ya juu kabisa ni 27, na anayefikia 10 huonekana anahitaji kuchunguzwa zaidi. Njia ya pili haijali jumla. Huhesabu dalili zilizopata alama 2 au 3, nazo sharti zifike tano, mojawapo ikiwa huzuni au kutofurahia chochote. Swali la tisa, lihusulo kifo na kujidhuru, huhesabiwa hata kwa alama 1.

Basi mtu mwenye alama 2 katika maswali manne, likiwemo la huzuni, na alama 1 katika swali la tisa, ana jumla ya 9. Kwa njia ya kwanza amepita. Kwa njia ya pili ana dalili za sonona kamili. Na huyo ndiye aliyekiri kuwa anafikiria kifo! Ndiyo maana madaktari waangalifu hulisoma swali la tisa peke yake, jumla iwe ngapi.

Hata hivyo, tafiti zimeonyesha kwamba kwa ujumla njia ya pili ndiyo inayowaacha wagonjwa wengi zaidi. Shirika la MN Community Measurement, linalolinganisha zahanati za Minnesota, hutumia jumla: mgonjwa amepona dalili ikishuka chini ya 5.

Dodoso la Hopkins la maswali 25, linalotumika sana kwa wakimbizi, hutumia wastani, na mpaka wake wa kawaida ni 1.75. Lakini Sylvia Kaaya na wenzake, walipolijaribu kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI nchini Tanzania, waliripoti mwaka 2002 kwamba mpaka uliofaa kwa wanawake hao ulikuwa chini zaidi ya huo.