Mfumo Mpya, Ada Zile Zile

Kila kampuni kubwa inapoazimia kuhamisha kazi zake kutoka madaftarini kwenda katika kompyuta, swali la kwanza ninaloulizwa na wakurugenzi wake, nami nimekwisha kuchoshwa nalo, ni hili: tununue mfumo gani? Swali hilo limesimama juu ya itikadi iliyoenea mno, ya kwamba mfumo wa thamani ukishafungwa, uzembe, hofu na uficho vitaondoka vyenyewe. Itikadi hiyo ni batili, na ubatili wake umethibitika mahakamani.

Mwaka 1999 Shirika la Posta la Uingereza lilianza kueneza katika matawi yake mfumo wa hesabu wa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu, ambao kasoro zake zilionyesha upungufu wa fedha usiokuwapo. Lakini kasoro peke yake haimfungi mtu. Kilichowafunga watu ni ada ya shirika: wasimamizi wa posta ndogo ndogo walidaiwa wafidie upungufu kwa mali zao, waliolalamika wakaambiwa kwamba hakuna mwingine mwenye shida hiyo, na shirika lile lile lililodai ndilo lililochunguza na ndilo lililoshitaki. Kufikia mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani, wengi wao kwa mashitaka ya shirika lenyewe. Wako waliofungwa, wako waliofilisika, wako waliojiua. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba kasoro zilikuwako, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu zile.

Je, mfumo bora zaidi ungaliwaokoa? Hasha! Hakuna mfumo mkubwa usio na kasoro; tofauti ni kama karani aliyeiona kasoro ana ruhusa ya kuisema, na kama mkubwa wake ana insafu ya kumsikiliza. Palipo na kibri, kompyuta hukipa kibri hicho ithibati ya tarakimu, na dhuluma iliyokuwa ya tawi moja huenea nchi nzima.

Basi, kabla ya kununua: waiteni makarani waujaribu mfumo na kuukosoa, endesheni hesabu za zamani sambamba na mpya mpaka zilingane, mpeni mkaguzi wa nje mamlaka ya kuchunguza malalamiko, msimwadhibu mleta habari mbaya, na wakurugenzi wautumie mfumo kwa mikono yao wenyewe. Kampuni isiyokuwa tayari kwa haya na isinunue kitu.