Kula kwa Mkono na Kula kwa Vijiti

Wako watu wadhanio kwamba alaye kwa mkono hana kanuni, na kwamba adabu ya meza ilikuja pamoja na uma na kisu. Hao hawajapata kualikwa kula nsima nyumbani kwa wazee.

Wengi walio Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 katika wilaya ya Dowa, wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Wamezoea bonge moja la ugali katikati, kila mtu akimega upande wake. Lakini nsima ya Malawi hupakuliwa kwa kijiko cha mti kilichochovywa maji, ikapangwa vipande bapa viitwavyo ntanda. Basi mwanafunzi akialikwa na mwenzake Mponela au Lilongwe, naye akatia vidole katika sahani ya wote, wenyeji hawatasema neno. Ila watatazamana, na kambi nzima itahukumiwa kwa tonge lake. Chukua ntanda ya juu, iweke katika sahani yako, ndipo umege. Usipekue ya chini eti ina moto zaidi.

Kabla ya hayo ni kunawa. Kijana huwamiminia wakubwa maji, naye hunawa mwisho. Maji ya kumiminwa ni bora kuliko beseni moja la watu wote, na aliyekuwapo Malawi wakati wa kipindupindu cha mwaka 2022 na 2023 hahitaji kuelezwa sababu. Mkono wa kulia ndio ulao. Finyanga tonge dogo, libonyeze kwa kidole gumba, uchote mboga, yaani ndiwo. Tonge lililokwisha kuumwa lisirudi katika bakuli. Nyama ngoja mkubwa aanze. Jambo hili ni gumu kwa kijana mwenye njaa, nakubali.

Mwaka 2017 UNESCO iliiandika nsima katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu, pamoja na desturi za kuipika na kuila.

Wajapani nao wana sushi, wali uliotiwa siki na kuwekewa samaki, mara nyingi mbichi. Wageni hudhani ni lazima ishikwe kwa vijiti, kumbe ile ifinyangwayo kwa mkono, iitwayo nigiri, yaweza kuliwa kwa vidole. Huchovywa upande wa samaki, kwani wali ukilowa mchuzi wa soya huvunjika. Atumiaye vijiti ana makatazo makali zaidi: asivisimamishe katika bakuli la wali, maana ndivyo maiti awekewavyo chakula, wala asipokezane tonge na mwenzake kijiti kwa kijiti, maana ndivyo jamaa washikavyo mifupa ya marehemu aliyechomwa.

Nsima haina mambo ya kutisha hivyo. Ukishiba, ngoja maji yaletwe tena, nawa, useme “zikomo”, hata kama ndiwo ilikuwa kidogo.