Ali na Tyson: Nani angelala?

Kijiweni kwetu ukitaka watu wagombane, taja Muhammad Ali na Mike Tyson kwa pamoja. Mimi nauliza kwanza: Ali yupi, Tyson yupi?

Wa upande wa Tyson wana silaha yao. Novemba 1986, akiwa na miaka 20, alimtwanga Trevor Berbick raundi ya pili, akawa bingwa wa dunia. Na ni Berbick huyo huyo aliyemshinda Ali kwa pointi Desemba 1981! Basi hesabu imekwisha? Wapi! Ali yule alikuwa na miaka 39, miguu imeshagoma.

Mimi nampandisha Ali wa 1966, aliyemmaliza Cleveland Williams raundi ya tatu. Tyson namchukua wa 1988, aliyemlaza Michael Spinks kwa sekunde 91. Kikiwaka hapo, washkaji, raundi nne za mwanzo roho mkononi. Mabondia wafupi wanaoingia chini chini walimtesa Ali. Joe Frazier alimwangusha raundi ya 15, Machi 1971. Lakini aliinuka. Na Kinshasa, 1974, alivumilia makonde ya George Foreman hadi raundi ya nane, akamlaza yeye.

Tyson je? Tokyo, Februari 1990, Buster Douglas, mrefu na hana woga, alimdonoa kwa mkono wa kushoto mpaka raundi ya 10. Jamaa akaishia kutambaa akitafuta kinga ya meno.

Kwa Ali angelala ya 11. Anayebisha aje, ila soda juu yake.