Kamera Haisomi Moyo

Mwandishi wa riwaya anaweza kuandika kwamba Zuhura amemchoka mumewe, na msomaji akaridhika. Mwandishi wa skripti akiandika hivyo hivyo, siku ya kupiga filamu mwongozaji atamuuliza: sasa hapa tupige nini? Kamera hunasa umbo, mwendo na mwanga. Maikrofoni hunasa sauti. Kuchokana kwa wanandoa hakumo katika hayo mpaka mwandishi akutafutie kitendo. Kwangu mimi hili ndilo somo gumu kuliko yote katika fani hii, hasa kwa sisi tuliolelewa na hadithi za kusimuliwa.

Tumtazame huyo Zuhura kwenye skripti:

NDANI. JIKONI – JIONI

Zuhura amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Salum anaingia, anavuta kigoda, anakaa karibu na mlango.

SALUM
Kesho itabidi niende tena Tanga.

Zuhura anazidi kukuna.

SALUM
Safari hii sitakawia.

Mlio wa mbuzi unaifunika sauti yake. Salum ananyamaza. Zuhura naye anaacha kukuna.

ZUHURA
Nguo zako nimeshazipiga pasi.

Hakuna aliyetaja ndoa wala uchungu. Mwigizaji amepewa kazi ya mikono, fundi sauti amepewa mlio wa kuucheza, na mtazamaji amepewa jambo la kung'amua mwenyewe: ikiwa nguo zilishapigwa pasi, basi Zuhura aliijua safari hii kabla ya kuambiwa. Ameijuaje? Swali hilo ndilo litakalomvuta mtazamaji hadi sini inayofuata, na linazaa zaidi kuliko machozi ya dakika tatu.

Angalia pia umbo la ukurasa. Mstari wa juu unataja kama tuko ndani au nje, mahali gani, na wakati gani, kwa sababu mtayarishaji atapanga ratiba na bajeti kwa kuufuata. Maelezo yote yako katika wakati uliopo, maana mtazamaji huona jambo likitendeka mbele yake. Skripti za Kiingereza huchapwa kwa herufi za Courier, ukubwa wa 12, na kwa desturi ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Kurasa 90, basi, ni kama saa moja na nusu. Haya unaweza kuyajua kwa jioni moja.

Kinachochukua miaka ni kujua mhusika wako anataka nini, na kulionyesha hilo bila kulitangaza. Katika *Nairobi Half Life*, filamu ya Kenya ya mwaka 2012 iliyoongozwa na Tosh Gitonga, Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza filamu. Haziuzi kimyakimya: anaziigiza mbele ya wateja, kwa sauti na kwa mwili mzima. Tunaijua ndoto yake ya uigizaji kwa kumwona kazini, na tunaujua umaskini wake papo hapo. Anapofika Nairobi na kuporwa, hatuhitaji kuelezwa kilichopotea. Baadaye anaishi maisha mawili, jukwaani na katika genge la wezi, na kila hatua mpya inambana zaidi. Itazame filamu hiyo mara mbili, na mara ya pili uzime sauti. Utashangaa ni kiasi gani cha hadithi kinachobaki.

Tanzania ilipitia njia nyingine. Waigizaji kadhaa wa kizazi cha kwanza cha Bongo Movie, akiwemo marehemu Steven Kanumba, walitokea Kaole, kundi la maigizo lililovuma kwenye runinga. Filamu nyingi za wakati ule zilipigwa bila skripti kamili: wasanii walielezwa kisa, kisha wakajitungia maneno mbele ya kamera. Ule ulikuwa ufundi wa kweli, na uliwapa watu wetu filamu za lugha yao kwa gharama waliyoimudu. Lakini mtu anayejitungia maneno papo kwa papo hukimbilia kusema anavyojisikia, kwa kuwa hana muda wa kutafuta nazi na mbuzi. Kalamu inao muda huo.

Kwa hiyo, ukimaliza rasimu, kusanya watu mezani waisome kwa sauti, kila mmoja na mhusika wake. Wewe nyamaza usikilize. Pale msomaji anapojikwaa, sentensi si ya mdomo wa mtu. Pale wote wanapochoka, mara nyingi sini imeanza mapema mno: kata salamu na karibu za mlangoni, uingie mambo yakiwa yameshapamba moto.

Tamthilia ya runinga hulegeza kidogo sharti hili la kuonyesha badala ya kusema. Mtazamaji wake huenda anachambua mchele au anamwogesha mtoto huku akisikiliza kutoka chumba cha pili, hivyo maneno hubeba mzigo mkubwa zaidi, na jambo zito hurudiwa kwa namna nyingine kabla kipande hakijaisha. Hata hivyo Salum bado hatakiwi kusema, "Zuhura, najua umenichoka." Aulize tu nani aliyemwambia habari za safari.