Dawa moja kwa kansa ya matiti: Je, mama ananyimwa haki?

Jioni moja huko Magongo, Mombasa, mwandishi huyu aliwakuta ndugu watatu barazani wakibishana kwa sauti ya chini ili mama yao aliyelala chumbani asisikie. Kansa ya titi ilikuwa imefika mifupani na kwenye pafu moja, na kila wiki tatu hospitalini alikuwa akitundikiwa dripu ya dawa moja tu.

"Kaka, mama anatibiwa kimaskini," kitinda mimba alimwambia mkubwa wao. "Yule mama wa Mikindani anatiwa dawa mbili kwa pamoja. Tuuze kile kiwanja tumpeleke Nairobi."

Nani angemlaumu? Ikiwa dawa moja yafaa, mbili si zitafaa zaidi?

Mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa karibu Wakenya 6,800 walipatikana na kansa ya matiti, na wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Ugonjwa ukishaingia mifupani, mapafuni au kwenye ini, kwa kawaida hauponi kabisa. Daktari hulenga kuurudisha nyuma, kutuliza maumivu na kumwongezea mgonjwa siku.

Jambo hili la dawa moja au mbili lilipimwa huko Marekani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalihusu wagonjwa zaidi ya 700 wenye kansa iliyoenea. Kundi moja lilianzishiwa doxorubicin peke yake, la pili paclitaxel peke yake, na la tatu zote mbili. Walioanza na dawa moja walibadilishiwa nyingine ugonjwa uliposonga mbele.

Uvimbe ulinywea vya kutosha kwa wagonjwa 36 katika kila 100 waliopewa doxorubicin, 34 wa paclitaxel na 47 wa dawa mbili. Tena, dawa mbili zilifanya kazi kwa miezi 8 hivi kabla ya kushindwa, ilhali moja ilichukua karibu 6. Hapo kitinda mimba angepiga makofi. Lakini nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 18.9, 22.2 na 22.0 kwa kufuata mpangilio huo huo, tofauti ambayo watafiti hawakuiona kuwa ya maana. Wala waliopewa mbili hawakuwa na maisha ya nafuu kuliko wenzao.

Sababu ni kwamba dawa hizi hazichagui. Hushambulia kila chembe inayozaana upesi, zikiwemo za nywele, za utando wa mdomo na za uboho unaotengeneza damu. Doxorubicin, nyekundu kama Vimto, ina kikomo maishani kwa kuwa hudhuru moyo. Paclitaxel hutia ganzi vidoleni, hata fundi cherehani akashindwa kutunga uzi. Mwili unaopigwa na zote kwa wakati mmoja hulemewa, ndiyo maana madaktari wengi huzitoa kwa zamu. Na homa ikimpanda mgonjwa wakati wa matibabu haya, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa nyingine inayotumiwa peke yake, vinorelbine, asili yake ni kile kimaua cha waridi chenye petali tano kinachomea nyuani mwetu, mzaliwa wa Bukini. (Tafadhali msichemshe majani yake, ni sumu.)

Hata hivyo, dawa mbili zina wakati wake. Ini au mapafu yakiwa karibu kushindwa kazi, daktari huhitaji kuunywesha uvimbe upesi. Wapo pia ambao kansa yao hulishwa na homoni, na mara nyingi hao huanzishiwa vidonge vya kuzuia homoni kabla ya dripu yoyote. Hilo hujulikana kwa kupima kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe.

Kiwanja hakijauzwa. Siku ya dripu iliyofuata, kaka mkubwa alipanda matatu na mama yake, karatasi yenye maswali matatu mfukoni: Kinyama kilipimwa homoni? Tutajuaje dawa hii imeshindwa? Ikishindwa, inafuata ipi?