Saa ya Juba na Majina ya Matoleo

Jumapili ya tarehe 31 Januari 2021 ilikuwa na saa ishirini na tano mjini Juba, Sudan Kusini. Ilipotimia saa sita ya usiku, wakati ambao kwa hesabu ya kila siku ndipo Februari ingaliingia, amri ya serikali ilizirudisha saa zote nyuma hadi saa tano, na wakaaji wa mji wakaiishi saa ya mwisho ya Januari mara mbili kabla Jumatatu haijaruhusiwa kuanza. Tangu 15 Januari 2000 nchi ile ilikuwa ikifuata saa ya Nairobi na Kampala, iliyotangulia saa ya ulimwengu, yaani UTC, kwa saa tatu; sasa ilirejea kwenye saa mbili, ambazo kwa hakika ndizo ziafikianazo na jua lake, kwa kuwa Juba, kwa mahali ilipo duniani, imetangulia kwa saa mbili, dakika sita na nukta ishirini na nane. Tangu usiku ule, msafiri atokaye Elegu upande wa Uganda akaingia Nimule hana budi kurudisha saa yake.

Watu waliarifiwa kwa redio katikati ya Januari. Simu na kompyuta hazisikilizi redio. Nyingi kati ya hizo hutegemea hazina moja ya kanda za saa za dunia, iliyoanzishwa Marekani katika miaka ya 1980 na Arthur David Olson, ikaja kuratibiwa na Paul Eggert, na tangu 2011 imo katika hifadhi ya IANA, mamlaka isimamiayo majina na namba za mtandao. Ndani yake kila mji unaowakilisha kanda ya saa una mistari yake ya historia. Juba haikuwa na mistari yake yenyewe mpaka Oktoba 2017, ilipobainika kwamba Khartoum, mji mkuu wa Sudan, inarudisha saa nyuma ilhali Sudan Kusini haifanyi hivyo. Hadi hapo jina la Juba lilikuwa likielekeza Khartoum tu, na nadhani wengi wa waliopigania uhuru wa 2011 kutoka Sudan wangalistaajabu kuambiwa kwamba simu zao zilikuwa bado zikipokea saa kutoka huko.

Badiliko la Juba lilitolewa tarehe 24 Januari 2021, siku nane kabla ya kutumika, katika toleo la hazina hiyo liitwalo 2021a. Jina hilo ndilo linalotuleta kwenye mas'ala yetu. Programu huandikwa kwanza na binadamu kwa maandishi yasomekayo, ambayo mafundi huyaita msimbo chanzo, kisha mtambo wa kuunda programu, ambao nao ni programu, huyachukua maandishi hayo ukayageuza kuwa kitu ambacho mashine yaweza kukitumia. Mtambo huo sharti ujue umeshika toleo lipi, na kama lililoletwa leo ni jipya kuliko lililokuwapo. Na kwa kuwa hauna akili ya kupima yaliyomo ndani, hulinganisha majina, sehemu kwa sehemu, kuanzia kushoto. Kwa hiyo jina la toleo si pambo, ni hukumu: likikosewa, la zamani litaitwa jipya, na jipya litakataliwa.

Tarehe yaonekana kuwa jina bora kuliko yote, maadamu siku hazirudi nyuma. Lakini tumuwazie fundi wa Juba aliyepanga mtambo wake uyataje matoleo kwa saa ya mjini, mwaka kwanza na dakika mwisho. Usiku ule, dakika ishirini kabla ya saa sita, anatoa toleo 202101312340. Anaona kosa, analisahihisha, na baada ya nusu saa anatoa la pili, ambalo mtambo, kwa uaminifu wote, unaliita 202101312310. La pili ni dogo kuliko la kwanza. Basi mashine zilizokwisha kulipokea lenye kosa zitashikamana nalo. Na lau mwenziwe ana kompyuta isiyopata 2021a, kwake yeye dakika hiyohiyo ni saa sita na dakika kumi za usiku wa Februari mosi: toleo moja, chumba kimoja, tarehe mbili.

Hata pasipo serikali kugusa saa, tarehe yahitaji kuulizwa ni ya wapi. Toleo la 2021b lilitiwa muhuri California saa kumi na dakika ishirini na tatu za alasiri ya tarehe 24 Septemba 2021, wakati ambao Juba ilikuwa imekwisha ingia tarehe 25, saa saba na dakika ishirini na tatu za usiku. Kama lingaliitwa kwa siku yake, ubishi ungalikuwapo. Kwa kuitwa kwa mwaka na herufi, haukuwapo. Nionavyo mimi, hii ndiyo busara ya waratibu wale: walichukua katika tarehe sehemu isiyo na mzozo, wakaiachia herufi kazi ya kupanga mfululizo, na hata wakaweka kanuni kwamba ikifika z hufuata za, ili mpangilio wa alfabeti usivunjike.

Kuna hitilafu nyingine, ya mwandiko. Siku ya badiliko la Juba ukiiandika 01/02/2021, Mmarekani ataisoma kuwa ni tarehe mbili Januari, na mtambo utaipanga karibu na Februari mosi ya kila mwaka mwingine. Kanuni ya kimataifa ya ISO 8601, ya mwaka 1988, hutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na kwa mpango huo tarakimu zenyewe hujipanga. Aidha, aliyeanza na 20210201 kisha akatamani kuita kazi yake 1.0 atakuta kwamba moja ni ndogo kuliko milioni ishirini. Kwa sababu hiyo mafundi wa Debian, mfumo wa programu huria, huandika 0~20210201, ili sifuri iliyotangulia iliweke jina hilo chini ya 1.0 na mlango ubaki wazi.

Wala tarehe haisemi kilichobadilika. Toleo la 2020f lilitoka Desemba 29, juma moja tu baada ya 2020e, likarekebisha kasoro ya ufungashaji bila kugusa saa ya mtu yeyote duniani. Na kompyuta iliyokuwa nalo mwishoni mwa Januari, ijapokuwa lilikuwa na umri wa mwezi mmoja tu, ilidanganya kuhusu Juba.

Mitambo mingi siku hizi hukwepa mzozo wote kwa kuhesabu nukta tangu 1 Januari 1970 kwa saa ya ulimwengu, hesabu isiyojua serikali wala jua: saa ya Juba ilirudi nyuma katika nukta ya 1612126800, na nukta iliyofuata ilikuwa ya 1612126801. Kijana wa Juba anayeandika programu leo, ikiwa bado apenda matoleo yake yasomeke kwa macho ya binadamu, na aandike mwaka kwanza, aichukue siku kwa UTC badala ya saa ya ukutani, kisha mwishoni aongeze herufi moja kwa ajili ya toleo la pili la siku hiyohiyo, kwani hilo halikosi kuja.