Dungu ni la kulindia, si la kuvizia

WAPO wakazi wa Njiro, jijini Arusha, ambao nyumba zao ziko mjini lakini mashamba yako nje ya mji. Mwenye shamba kwenye miteremko ya Mlima Meru, jirani na msitu au Hifadhi ya Taifa ya Arusha iliyoanzishwa mwaka 1960, anajua kuwa mbegu bora na mbolea pekee havitoshi. Mchana huja nyani na tumbili, usiku nguruwe pori, na katika baadhi ya vijiji hata tembo.

Kinga ya zamani isiyouzwa dukani ni dungu, ambalo wengine huliita ulingo. Ni jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mimea, lenye ngazi na paa la nyasi. Aliye juu huona mahindi yakitikisika mapema, kabla hasara haijawa kubwa.

Jukwaa kama hilo hutumika pia kuwindia. Nchini Marekani, mwindaji wa paa hulifunga kwenye shina la mti, mahali ambapo upepo hautapeleka harufu yake kwa mnyama, kisha hukaa kimya kwa saa nyingi. Mlinzi wa shamba hufanya kinyume. Yeye anatakiwa aonekane na asikike: agonge debe, apige filimbi, amulike tochi.

Tofauti hiyo ni ya kisheria pia. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma na kuwinda kunahitaji kibali. Anayepanda dunguni na upinde kumvizia pongo ili apate kitoweo anaweza kujikuta mahakamani. Mahakama nchini zimewahi kutoa vifungo vya miaka 20 na zaidi kwa watu waliokutwa na nyama ya swala.

Mfanyabiashara naye asijidanganye. Tangu mwaka 2020 zipo kanuni zinazoruhusu mabucha ya nyamapori, lakini ni kwa wenye leseni. Nyama inayopitishwa mlango wa nyuma kwa bei poa inaweza kumgharimu duka lote.

Kwa anayejenga dungu, nguzo nne za mkaratusi zinatosha. Zipakwe oili chafu sehemu inayoingia ardhini ili kupunguza mchwa, na zichimbiwe kwa kina cha kutosha zisiyumbe. Dungu likae upande unaoelekea msituni. Lisiwe refu kupita mahitaji. Kimo cha kuona juu ya mahindi kinatosha.

Hatari kubwa ni kuanguka. Wawindaji wa Marekani nao huumia zaidi kwa kuanguka kuliko kwa jambo jingine wawapo juu ya miti, ndiyo maana hujifunga mkanda. Mlinzi anayesinzia usiku awekewe kizuizi pande zote. Vitu vivutwe kwa kamba baada ya kupanda, ili mikono yote ishike ngazi. Nguzo na kamba zikaguliwe kila msimu.

Kwa tembo, dungu ni la kutolea taarifa tu, kwa kuwa tembo anaweza kuliangusha. Mlinzi asiwe peke yake, na asimfuate mnyama huyo gizani. Wakulima wa maeneo mengine ya Tanzania na Kenya huongeza uzio wa mizinga ya nyuki, au kamba zilizopakwa oili na pilipili.

Mazao yakiharibiwa, taarifa ifike mapema kwa mtendaji wa kijiji na ofisa wanyamapori wa halmashauri. Kanuni za mwaka 2011 zinatoa kifuta jasho kwa uharibifu wa wanyama hatari kama tembo, baada ya tathmini kufanyika. Fedha hizo si fidia kamili ya gunia lililopotea.

Kwa hiyo mkulima apige hesabu ya nguzo, misumari na posho ya mlinzi kabla mahindi hayajaanza kubeba. Zamu za usiku wapewe watu wazima, kwani mtoto anayekesha shambani hawezi kusoma kesho yake.